Nchi Isiyotia Saini

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, na mkiiona msiseme ndiyo. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na viongozi wa kutosha na kuzidi. Jambo moja tu lililoitenga na nchi nyingine, Mungu atuepushe, ni kwamba hakuna mkubwa aliyekuwa akitia saini.

Si kwamba hawakujua kuandika. Walijua, na wengine walikuwa na hati nzuri sana. Ila waliona mbali. Saini ni kitu kinachobaki. Mtu akishaweka jina lake chini ya karatasi, karatasi ile inaweza kuzunguka miaka ishirini, ikaja kumkuta amestaafu, amekaa barazani anakunywa uji wake, ikamwuliza: hili ulilifanya wewe? Kwa hiyo mkubwa akiletewa barua humwambia wa chini yake, niwekee hapo. Wa chini yake naye ana akili zake, humwambia wa chini yake. Hivyo hivyo mpaka barua inamfikia mtu ambaye hana tena wa kumwambia. Huyo ndiye hutia saini, na chini ya saini huandika k.n.y., yaani kwa niaba ya, halafu cheo cha mkubwa. Barua nyingine zilikuwa na k.n.y. nne, nyingine tano, zimeshuka kama ngazi. Mwanamke akijifungua, cheti cha mtoto husainiwa na mlinzi wa geti la hospitali. Watu walizoea, na watoto walikua vizuri tu.

Katika nchi hiyo aliishi Dokta Stumai Ligonja, mwanamke mjane, mwalimu wa Chuo Kikuu, aliyesomea sheria ya nchi na nchi. Sheria hiyo si ile ya mtu kuiba kuku. Ni ile ya nchi mbili zikigombea mto, au nchi moja ikiahidi jambo halafu ikajifanya imesahau: nani ana haki na nani aombe radhi. Ni elimu ngumu, maana wanaotakiwa kuhukumiwa ndio wenye bunduki.

Aliisoma ng'ambo miaka sita, kwenye baridi ya kupasua midomo, akarudi na kitabu alichokiandika mwenyewe, kurasa mia nne na kumi na mbili, hoja moja. Hoja ilikuwa hii: nchi ikimtuma mtu, ikamwacha atie saini mbele ya wageni, kisha ikanyamaza, basi saini ile imeifunga nchi, hata kama aliyeiweka ni mfagizi. Huwezi kumtuma mtu dukani kila siku, halafu siku moja ukamwambia mwenye duka humjui.

Chuo kilikipokea kitabu kwa barua nzuri ya pongezi. Ilisainiwa na mtunza bustani, k.n.y. wanne waliomtangulia.

*

Kanuni ya Chuo ilisema hivi: mwalimu akifika miaka sitini hajawa profesa, anakwenda nyumbani. Akiwa profesa, anafundisha mpaka sabini. Dokta Stumai aliomba uprofesa akiwa na miaka arobaini na moja, akaona ana nafasi tele.

Mwaka wa kwanza Kamati ya Kupandisha Vyeo ilimwandikia kwamba sheria yake inahusu mambo ya nje, kwa hiyo alete ushahidi kwamba ameisomea ndani. Akaleta. Kamati ikataka barua za wataalamu wa nchi tatu wanaomfahamu. Barua zikaja, nzuri kabisa, na Kamati ikakaa siku mbili kujadili imekuwaje wageni wa nchi tatu wamfahamu. Mwaka wa tano faili lilipotea. Mwaka wa saba likaonekana chini ya mguu wa kabati, lilikuwa limewekwa ili kabati lisiyumbe, na ilichukua mwaka mwingine kupata kitu cha unene ule ule cha kuweka badala yake. Mwaka wa tisa Kamati ikasema kitabu kimezeeka. Kilikuwa kipya alipokipeleka.

Wenzake walipita. Mmoja alipata uprofesa kwa utafiti uliothibitisha kwamba Rais ni mrefu. Mwingine alipata kwa kuukanusha utafiti huo na kuonyesha kwamba Rais ni mrefu zaidi. Kijana aliyeitwa Kasembe, ambaye Dokta Stumai alimfundisha mwaka wa kwanza na kumfelisha mara moja, akawa Profesa Kasembe, kisha Makamu Mkuu wa Chuo, na walipokutana kwenye ngazi alimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Mwalimu," akaendelea kupanda.

Mtu angeweza kuuliza, cheo ni cha nini? Dokta Stumai alijiuliza mwenyewe, tena kwenye mswala. Marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Profesa tangu wiki ya harusi, kwa utani, na utani ule ulikuwa umeanza kumwuma. Lakini si hilo tu. Somo lake lilikuwa na mwalimu mmoja, yeye. Akienda nyumbani, saa zake zilikwisha kuahidiwa somo jipya la Kupokea Wageni Uwanjani, lenye sehemu mbili, maua na makofi. Wanafunzi wake thelathini na mmoja wangetoka hapo wanajua kupiga makofi.

Akafika miaka hamsini na tisa.

*

Mwaka huohuo nchi jirani ilianza kulima barabara juu ya Kilima cha Nyuki, kilicho mpakani. Wakaulizwa, wakatoa mkataba. Miaka thelathini na minne iliyopita, wakasema, nyinyi wenyewe mlitupatia kilima hiki, na saini hii hapa.

Wakubwa walipoitazama saini walishusha pumzi, maana haikuwa ya yeyote kati yao. Ilikuwa ya Mzee Mbonde, tarishi wa wizara. Siku ile ya mkataba Waziri wa zamani alimwambia Katibu, Katibu akamwambia Mkurugenzi, Mkurugenzi akamwambia karani, na karani akageuka, akamwona Mbonde anapanga viti. Mbonde alitia saini akidhani anathibitisha kwamba viti vimefika.

Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa akikikumbuka Kilima cha Nyuki. Kufikia magharibi redio ilikuwa na nyimbo tatu juu yake. Waziri wa Mambo ya Nje alilihutubia taifa, akasema kilima kile ni moyo, ni mapafu, ni uti wa mgongo wetu, na kwamba yeye binafsi amekipenda tangu asubuhi. Kesi ikapelekwa kwenye mahakama ya mataifa, ng'ambo, na Waziri akamwita Dokta Stumai.

Alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Alisema nchi inahitaji mtaalamu aende akaseme jambo moja dogo, kwamba saini ya k.n.y. haifungi mtu.

Dokta Stumai akamwambia kwa upole kwamba ameandika kitabu kizima kusema inafunga.

"Kitabu chenyewe nani amekisoma, Dokta?"

"Nchi jirani wamekisoma, Mheshimiwa. Wamekitaja kwenye ukurasa wa kwanza wa madai yao."

Waziri alifikiri kidogo, kisha uso wake ukang'aa. "Basi ndiyo vizuri. Nani atakikana kitabu akaaminika, kama si mwenye kitabu?"

Akavuta droo. Akatoa faili, akaliweka mezani karibu na sukari. Dokta Stumai alilijua kabla hajasoma jina, maana upande mmoja lilikuwa bado na alama ya mguu wa kabati.

"Miaka kumi na minane," Waziri alisema, kwa huruma ya kweli. "Watu wengine hawana utu. Wewe nenda, mama, sema neno lako moja. Ukirudi, hili limekwisha."

Dokta Stumai alikwenda nyumbani akaswali rakaa mbili za kuomba kuongozwa. Ndipo yakaanza kumjia mawazo mazuri: kwamba kilima kina wenyewe wanaokaa pale, na hakuna aliyewauliza, kwamba Mbonde alidhani ni viti, kwamba wanafunzi thelathini na mmoja nao ni amana. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichoulizwa. Aliyapanga vizuri, moja juu ya jingine, akayakanyaga, akafika kwenye ndege.

*

Mahakamani aliinua mkono, akaapa kwa kitabu cha Mwenyezi Mungu, akasema. Alisema vizuri, maana alikuwa fundi wa kazi yake. Alisema dunia nzima inajua kwamba katika nchi yetu hakuna mkubwa anayetia saini, kwa hiyo jirani alipoona saini alipaswa kujua papo hapo kwamba si ya mtu. Alisema k.n.y. si ahadi, ni desturi, kama kukohoa kabla ya hotuba.

Wakili wa nchi jirani, binti mwenye miwani, alifungua kitabu ukurasa wa mia mbili na saba, akasoma taratibu habari za mtu anayetumwa dukani. Akauliza maneno haya aliyaandika nani.

"Niliyaandika mimi," akasema Dokta Stumai, "nikiwa bado sijakomaa."

Watu wa ubalozi walitikisa vichwa kwa furaha. Kisha akaitwa Mzee Mbonde, aliyeletwa amevaa koti la kuazima, mikono ya koti imempita vidole. Jaji mkuu alimwuliza siku ile nani alimtuma kutia saini.

"Walinituma wote, Mheshimiwa," alisema Mzee Mbonde. "Hakuna aliyebaki nyuma."

Dokta Stumai aliangalia sakafu. Ilikuwa sakafu safi sana.

Baada ya miezi mitatu majaji wanane dhidi ya saba waliamua kwamba, kwa kuwa nchi yenyewe imeapa hivyo kwa kinywa cha mtaalamu wake, saini ya k.n.y. ya nchi ile haifungi kitu. Kilima kikarudi. Chenyewe hakikuwa kimeondoka, na nyuki hawakuambiwa.

*

Furaha ilikuwa siku mbili. Siku ya tatu mfungwa mmoja wa kesi ya ng'ombe aliomba aonyeshwe hati iliyomfunga. Ilikuwa na k.n.y. tatu. Akafungasha blanketi lake akaaga vizuri, na askari wakamfungulia geti, maana barua zao za ajira nazo zilikuwa vilevile. Mzee mmoja wa sokoni alimwambia mkewe wa ndoa ya miaka thelathini kwamba kumbe hawajaoana. Mkewe akasema alhamdulillahi, akabeba sufuria zake. Madereva wakarudisha leseni, marubani wakakaa chini ya ndege zao, na bunge likagundua kwamba tangazo la uchaguzi lilisainiwa na mpishi wa Tume.

Serikali ikatoa waraka mkali kuwatuliza wananchi: k.n.y. zisizofunga ni zile za Kilima cha Nyuki tu, nyingine zote zinafunga kama kawaida. Waraka ulisainiwa na dereva wa Naibu Katibu, k.n.y. wote.

Watu waliusoma wakacheka mpaka wakakaa chini.

*

Waziri, tuseme ukweli, alitimiza alilosema. Kamati ya Kupandisha Vyeo ilikaa mchana mmoja, ikasoma faili la miaka kumi na minane kwa dakika kumi na minane, ikapitisha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Dokta Stumai atimize miaka sitini. Akaenda masjala kuchukua barua yake.

Masjala alikuwepo Bwana Chogo, karani mpole wa miaka ishirini na miwili kazini, mtu wa kupanga penseli zake kwa urefu. Barua ilikuwepo, imechapwa vizuri kwenye karatasi nzito. Chini ilikuwa tupu.

"Haijatiwa saini, Bwana Chogo."

"Nilitaka kuitia mimi, Mama, kama siku zote." Alikuna shingo. "Ila nikakumbuka uliyoyasema kule. Nikitia mimi, umekuwa profesa wa aina gani? Wa kama Kilima?"

"Sasa inatakiwaje?"

"Inatakiwa Makamu Mkuu mwenyewe. Kwa mkono wake." Akashusha sauti. "Mama, lakini huyo sijawahi kuona mkono wake."

Ndipo Dokta Stumai alipoanza kumtafuta Profesa Kasembe. Jumatatu alikuwa kikaoni. Jumanne alikuwa kwenye kikao cha kupanga vikao. Jumatano mwandishi wake, dada mmoja mwenye heshima, alisema mkubwa amekwenda msibani, na alipoulizwa msiba wa nani akasema bado haujatangazwa. Wiki ya pili alikuwa safarini, ingawa gari lake lilikuwa kivulini na miguu yake ilionekana chini ya pazia. Dokta Stumai alileta tasbihi yake akakaa kwenye benchi la mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Hakugomba. Aliwatazama wanaoingia na wanaotoka, akajua nani anaingia na chai ya watu wangapi. Hasira alikuwa nayo, ila aliikalia, na kila siku ilikuwa benchi gumu zaidi kuliko jana.

Alhamisi ya wiki ya tatu, siku moja kabla ya sitini, chai ilipopita alisimama akaingia nayo.

Profesa Kasembe alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi nyingi, na kwenye karatasi zote alikuwa ameandika jina lake, kubwa, dogo, la kulala, la kusimama, na zote amezikata kwa mstari. Alipomwona mwalimu wake aliziba kwa mikono kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeleta barua."

Aliipokea, akaishika mbali kidogo na mwili. Alimweleza, na hapo hakuwa akifanya mzaha, kwamba miaka kumi na mbili ya ukubwa hajatia saini hata ya kupokea mgeni. Amejaribu wiki nzima. Mkono unafika kwenye karatasi unakataa. "Nikiandika jina langu hapa, kesho likitokea lolote wataniuliza mimi. Si kwa ubaya, Mwalimu. Unastahili. Kila mtu anajua unastahili. Ungekuwa profesa zamani sana kama ingewezekana bila mtu kukufanya."

Kasembe akafikiri, akasogeza kalamu upande wa pili wa meza.

"Tufanye hivi. Tia wewe, k.n.y. yangu. Wewe ndiwe mtaalamu, ukisema inafunga nani atabisha? Kule ulisema haifungi, wakakubali. Hapa sema inafunga. Watakubali tu."

Ilikuwa kalamu nzuri. Dokta Stumai aliichukua. Akaona wazi kabisa miaka kumi mingine, darasa, thelathini na mmoja wengine na thelathini na mmoja wengine, amesimama mbele yao anawaeleza kwamba neno la nchi lina uzito. Akajaribu kufikiri ni ukurasa gani angefungua siku ya kwanza.

"Kasembe," alisema, "nilikufelisha kwa nini ule mwaka?"

"Nilinakili kwa jirani, Mwalimu."

"Na ulikuwa umenakili jibu lenye makosa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akairudisha kalamu mahali pake, akaomba karatasi nyeupe. Aliandika palepale, amesimama, kwa kalamu yake mwenyewe ya kusahihishia, na Makamu Mkuu wa Chuo aliangalia kana kwamba anaona mtu anatahiriwa. Barua ilikuwa ya kwenda kwa majaji wa ng'ambo. Ilisema: Mimi, Stumai binti Ligonja, niliapa mbele yenu nikasema jambo nililojua si kweli. Saini ile inatufunga. Mzee Mbonde ndiye aliyesema kweli. Nilisema vile kwa ajili ya cheo, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, nanyi pia. Chini akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, hakuacha hata moja.

Akaikunja, akashuka nayo masjala. Barua yoyote ya Chuo lazima ipite masjala.

Bwana Chogo aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na alipofika chini akageuza karatasi kutazama nyuma, kisha akairudisha mbele.

"Mama, hujaandika kwa niaba ya nani."

"Sijasahau."

"Kilima kitaondoka."

"Kinajua njia."

"Na kesho wewe unakwenda nyumbani."

"Nakwenda."

Bwana Chogo akapitisha kidole juu ya saini, polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshika barua za nchi nzima, na hakuwa ameona saini iliyosimama peke yake. Akauliza kama kweli huwa hivyo tu, bila kitu chini. Akaambiwa ni hivyo tu.

Alifungua daftari la barua zinazotoka, kwenye safu ya aliyepokea, mahali ambapo siku zote aliweka alama yake k.n.y. Mkuu wa Masjala. Akasimama, akarudishia mlango. Akakaa. Kisha, kwa utaratibu wa mtoto wa siku ya kwanza darasani, ulimi kidogo nje, akaandika: Chogo Mwinyimvua Salehe. Wakaiangalia wote wawili. Ilikuwa saini nzuri, yenye mkia.

Nje koridoni viatu vikapita. Alikuwa mfagizi, akapita zake na ndoo. Lakini mkono wa Bwana Chogo ulikuwa umekwisha kurudi kwenye daftari, na chini ya jina lake umekwisha kuandika, kwa herufi ndogo za haraka, k.n.y.

Dokta Stumai aliinama akatazama. Baada ya k.n.y. hapakuwa na kitu.

"Kwa niaba ya nani, Bwana Chogo?"

Bwana Chogo alifunga daftari, akapanga penseli zake upya.

"Nimeacha nafasi, Mama," alisema. "Mtu atapatikana."